Geum-ran, fundi wa sakafu anayefumua chumba mwenye nyumba akiwa ndani

Saa mbili asubuhi, mjini Jecheon. Theluji ya jana imegeuka barafu barabarani. Ndani ya nyumba ndogo ya matofali, Seok Geum-ran amelala kifudifudi katikati ya chumba, shavu limegusa sakafu, jicho moja amelifumba.

Upande wa pili mumewe, Do Yong-pil, ameilaza tochi chini na kuielekeza kwake. Mwanga unatambaa juu ya kapeti la plastiki, unapanda nundu iliyo karibu na mlango, kisha unazama kwenye kibonde kilicho chini ya dirisha.

"Umeona?" mume anauliza.

"Naona soksi zako zimetoboka."

"Nimeuliza sakafu, Mama Se-rin."

"Sakafu nayo imetoboka. Ila yenyewe bado haijajua."

Ndani ya kile kibonde, juu ya godoro jembamba, ameketi mwenye nyumba, Bibi Pyo Bun-rye, mwenye umri wa miaka themanini na tatu. Mkono wake wa kushoto umefungwa bendeji. Ameombwa asogee, akaombwa tena. Hasogei.

"Pimeni mkinizunguka," anasema. "Mimi si kabati."

Geum-ran anacheka, anajiinua polepole kwa kushikilia goti, anatoa kinyundo cha mbao na kuanza kugonga sakafu. Ko, ko, ko. Anasogea kidogo, anagonga tena. Anapolikaribia godoro la bibi sauti inabadilika, inakuwa nene na tupu kama ya mtungi usio na kitu. Anarudia palepale. Kisha anamtazama mumewe, na mumewe anazima tochi bila kuulizwa.

Geum-ran ana miaka hamsini na saba. Yeye na Yong-pil wamekuwa wakirekebisha sakafu katika wilaya hii tangu binti yao Se-rin akiwa shule ya msingi. Sasa Se-rin mwenyewe ana mtoto. Mume anavunja na kubeba. Mke anapima, anaunga mabomba na kulainisha saruji kwa mwiko. Mwezi wa kazi nyingi wanapata kama won milioni tano wawili pamoja, na sehemu yake, anasema Geum-ran, huliwa na daktari wa magoti.

Kazi yenyewe haitaki pupa. Hapa watu wanalala sakafuni, wanakula sakafuni, wanauguza wagonjwa wao sakafuni, na joto lote la nyumba linatoka huko chini. Boila inachemsha maji, nayo yanazunguka kwenye mabomba yaliyozikwa ndani ya saruji. Fundi anayesawazisha sakafu kama hiyo anafanya kazi juu ya mabomba asiyoyaona.

"Tindo ikizidi unene wa kidole tu, chumba kinakuwa bwawa," anasema. "Muulize Baba Se-rin."

"Mara moja tu," Yong-pil anajitetea.

"Mara moja, nyumbani kwa mkuu wa shule. Kwenye chumba cha vitabu."

Aliyewaita kwa Bibi Bun-rye ni mwanawe, Bang Sang-gu, dereva wa basi anayeishi mbali, mjini Suwon. Mama yake alijikwaa kwenye ile nundu akielekea chooni, akaangukia mkono, mfupa ukapata ufa. Sang-gu alitaka jambo moja: mafundi wamwage uji wa saruji juu ya sakafu, ule unaojisawazisha wenyewe, watandike kapeti jipya, wamalize kabla ya mwaka mpya wa kalenda ya mwezi mwandamo.

Geum-ran anampigia simu akiwa bado amepiga magoti, sauti ya simu ikisikika chumba kizima.

"Chini ni tupu, Bwana Sang-gu. Mtu alitandaza mabomba juu ya kitu ambacho hakikuwa imara, sasa kinadidimia. Nikimwaga uzito juu yake, siku moja mama yako atazama nao."

"Miaka yote haijazama, mama fundi."

"Imeshaanza. Ndiyo maana ameanguka."

Nyuma ya simu inasikika honi ya basi.

"Basi vunjeni. Nakuja Jumamosi kumchukua, akae kwangu mpaka mmalize."

"Mwambie sipo," anasema Bibi Bun-rye kutoka kwenye godoro.

"Mama, nakusikia."

"Basi umesikia kwamba sipo."

Kabla ya kuondoka siku hiyo Geum-ran alifanya jambo ambalo mteja hakuliomba. Alikwenda jikoni, akapitisha mkono kwenye bomba la moshi la boila, akachungulia ukuta wa nyuma kama kuna tundu lililosahauliwa, kisha akaacha juu ya kabati kifaa kidogo cheupe kinacholia kikinusa gesi.

"Asubuhi ukiamka, bibi, kichwa kinauma?"

"Kinauma tangu siku niliyoolewa."

Bibi alicheka peke yake. Geum-ran hakucheka. Alifungua dirisha kidogo, akaweka kipande cha mbao lisijifunge.

Alikulia Taebaek, kwenye milima ya machimbo ya makaa ya mawe. Siku hizo sakafu hazikuwa na maji ndani yake. Jikoni kulikuwa na jiko la makaa, na moshi wake ulipita chini ya vyumba, katikati ya mawe bapa yaliyopangwa juu ya vijia vya udongo, ukatokea kwenye bomba upande wa pili. Jiwe likididimia, sakafu inapinda. Sakafu ikipinda, inapata ufa. Na ufa ukifunikwa na karatasi ya sakafuni hauonekani, ila gesi inapita.

Alikuwa na miaka saba. Anachokumbuka ni kuzinduka uani, mgongo juu ya theluji, mama yake akimmiminia mdomoni maji ya figili zilizochachushwa, kama watu wote wa kule walivyofanya mtu anapovuta gesi ya makaa. Dada yake Geum-suk alikuwa amelazwa kando yake. Yeye alimiminiwa maji yaleyale. Hakuamka.

"Wiki moja kabla, baba alikuwa ameiona ile nundu," anasema. Anazungumza akikwaruza saruji iliyokauka kwenye mwiko, macho hayainui. "Akatandika karatasi mpya juu yake. Ilikuwa nzuri, ya manjano, inang'aa. Sote tuliifurahia."

Baba yake, mchimba makaa, hakurudi tena shimoni. Alijifunza kupanga mawe ya sakafu kwa mzee mmoja wa kijiji jirani, na mpaka nguvu zilipomwishia alizunguka kwenye nyumba za wachimbaji akiziba nyufa. Geum-ran alimfuata kila siku baada ya shule, akishika taa ili baba aone moshi unatokea wapi.

"Hakuwahi kuniambia niwe fundi. Lakini kila sakafu aliyoifunua aliniita, 'Njoo uone kilichoko chini.' Mimi nilidhani watoto wote wanaonyeshwa hivyo."

Mabomba ya maji yalipoenea, ile hatari ikaondoka kwenye nyumba nyingi. Mazoea yake hayakuondoka. Geum-ran hafuniki kitu ambacho hajakiona.

Siku iliyofuata mafundi walirudi na mashine ya kupasulia, wakamkuta Bibi Bun-rye amejifungia komeo.

"Sakafu yangu imepona!" alipiga kelele kutoka ndani. "Nendeni mkatibu ya wengine."

Yong-pil aliketi kwenye ngazi akavuta sigara. Geum-ran alizunguka nyuma, akagonga mlango wa jikoni.

"Bibi, miguu imekufa ganzi. Nipe hata maji ya moto."

Mlango ulifunguliwa. Kilichotoka si maji ya moto tu bali bakuli la supu ya soya, wali, kimchi, yaani kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, na viazi vitamu vilivyochomwa hadi maganda yakawa meusi. Yong-pil aliingia bila kualikwa. Walikula, mpaka bibi mwenyewe akaanza.

"Unamjua Ho-nyeon, wa nyumba ile yenye geti la bluu?"

"Simjui, bibi."

"Huwezi kumjua. Paa lake lilikuwa linavuja. Watoto wake wakamwambia, mama njoo ukae nasi wiki moja tu, mafundi wamalize. Akabeba mfuko mdogo, nguo mbili za kubadilisha. Paa lilikwisha likapendeza sana. Sasa humo anakaa kijana anayefuga mbwa."

"Na yeye yuko wapi?"

"Huko wanakowekwa wazee. Nilikwenda kumwona. Akaniuliza kama paa lake limekwisha."

Bibi alichukua kiazi, akakimenya kwa mkono mmoja, akamwekea Yong-pil kwenye bakuli.

"Nikitoka hapa, hawanirudishi," alisema.

Geum-ran anasema hapo ndipo alipokielewa kile chumba. Ndicho pekee chenye joto nyumbani mle. Cha pili kiligeuzwa stoo zamani na mabomba yake yalipasuka kwa baridi. Kukifumua ni kumtoa bibi, na kumtoa ilikuwa ndiyo hofu yenyewe.

Aliinuka, akarudi chumbani na pima maji yake, akapima, akachora mstari wa chaki kutoka ukuta hadi ukuta.

"Baba Se-rin. Tunafumua nusu."

"Nusu ipi?"

"Hii kwanza. Ile baadaye."

Yong-pil alitazama ule mstari kama mtu anayetazama bili ya hospitali. Bomba la chumba kile lilikuwa moja, linazunguka chumba chote kama utumbo. Kulifanya lipashe nusu tu ilibidi walikate katikati, waliunge lirudi kwenye boila kabla ya kufika upande unaofumuliwa, na baadaye walifungue na kuliunga upya. Kazi ya mara mbili. Vumbi mara mbili.

"Mgongo wangu umekukosea nini, mwanamke?"

"Mgongo wako umekula supu ya bibi."

Yong-pil alikwenda garini kuleta karatasi ya nailoni, akapigilia pazia kutoka darini hadi sakafuni. Upande mmoja, karibu na mlango, godoro la bibi lililosogezwa, televisheni yake na sufuria yake ya chai. Upande wa pili, wa dirishani, mashine.

Waliposhuka chini ya saruji, walikutana na mawe. Mawe bapa, makubwa, meusi kwa masizi ya miaka mingi, yamelala juu ya vijia vya moshi kama yalivyopangwa na mikono ya watu wa zamani. Kiungo kimoja cha bomba kilikuwa kinadondosha maji juu yake, tone kwa tone, yakiufagia udongo. Jiwe lililokuwa karibu na dirisha lilikuwa limevunjika na kuzama. Huko nyuma bibi alikuwa akiongeza maji kwenye boila kila mara, akidhani boila zote hunywa hivyo.

Geum-ran alifunua pazia.

"Bibi, nani aliwatandazia mabomba haya?"

"Mume wangu. Alikodi watu wawili, wakafanya pamoja. Kwanza wakatoa mawe yote, alinifukuza nisivute vumbi. Nilikaa kwa dada yangu mpaka wakamaliza. Aliniambia mgongo ulitaka kukatika kwa kuyabeba."

"Njoo uone."

Bibi Bun-rye alikuja kwa kujivuta, akachungulia shimoni. Kisha bega likaanza kutikisika, Geum-ran akadhani analia.

"Mwongo we!" bibi alipayuka. "Mwongo mkubwa! Nilimkanda mgongo ule mwezi mzima! Nilimchinjia jogoo!"

Alicheka mpaka akashika mbavu. Yong-pil naye akashindwa, akaketi juu ya ndoo. Kicheko kilipotulia, bibi aliomba aonyeshwe jiwe lenye pembe iliyokatika, lililokuwa karibu na ukuta. Aliweka kiganja juu yake.

"Hili tulilitoa mtoni wote wawili, na gari la ng'ombe la kuazima. Nilikuwa na mimba ya Sang-gu." Alijipangusa macho kwa bendeji. "Hakutaka kulitupa, yule mvivu. Angesema tu."

Mawe yalitolewa moja moja na kupangwa uani. Mashimo yakajazwa kokoto, zikashindiliwa, juu yake saruji mpya. Bibi akalala upande wake wenye joto, pazia likipepea kidogo kila mlango ulipofunguliwa. Asubuhi aliwauliza mafundi kila saa kama saruji imekauka, na walipomwambia bado, aliilaumu kana kwamba ni mtoto mzembe.

Sang-gu alikuja Jumamosi kama alivyosema, bila kupiga simu. Alikuta nusu ya chumba bado mbichi, vumbi juu ya televisheni, na mama yake amejikunja hatua moja kutoka kwenye saruji ya majimaji.

"Hii ni nini?" Sauti yake ilisikika hadi barabarani. "Mama yangu analala kiwandani? Nilisema namchukua. Au mnairefusha kazi ili mle zaidi?"

Yong-pil alisimama. Geum-ran akamshika mkono wa koti.

"Kazi ni ileile tuliyokubaliana," alisema. "Kuigawa ni uamuzi wangu. Mama yako hakutaka kutoka."

"Mama yangu hajui linalomfaa! Ameanguka mara moja, ataanguka tena, na mimi niko barabarani na abiria nyuma yangu—"

"Sang-gu," bibi alisema. Alikuwa amekaa wima. "Ukinitoa hapa, utanirudisha?"

Mwanawe alitazama dirisha, akatazama mawe yaliyopangwa uani.

"Kuna mahali nilikwenda kupaangalia," alisema hatimaye. "Bado sijaamua. Ni pasafi, mama. Kuna muuguzi. Chakula—"

"Sikukuuliza kama ni pasafi."

Geum-ran anasimulia kwamba alitamani kuwa nje na hakuweza, kwa sababu Sang-gu alikuwa amesimama mlangoni.

Sang-gu alikaa chini bila kuvua koti. Ana karibu miaka sitini. Mkewe husafishwa figo hospitalini kila wiki, na yeye ndiye anayempeleka. Alizungumza akiitazama sakafu.

"Simu ikilia nikiwa kwenye usukani, nikiona jina lako, nakuona umeanguka. Siwezi kupokea, siwezi kuacha kupokea. Nimechoka, mama. Nimechoka kuogopa."

Bibi Bun-rye alisogea, akamkalisha karibu yake pale palipokuwa na joto zaidi, akamfunika magoti kwa blanketi kama mtoto aliyetoka shule kwenye baridi.

"Mbona hukusema?" alimwambia. "Baba yako naye alikuwa hivyo hivyo. Njoo nikuonyeshe alichonifanyia."

Mchana ule Sang-gu alivua koti. Nusu ya pili ilikuwa bado haijafunuliwa, lakini palikuwa na mawe ya kusogeza uani, na aliyabeba pamoja na Yong-pil mpaka akakohoa. Kabla ya kurudi Suwon alifunga kishikio cha chuma ukutani njia yote ya kwenda chooni. Waliafikiana kwamba mama abaki majira haya ya baridi. Mengine watayazungumza yakija. Bibi amekubali kuvaa shingoni kile kidude cha kubonyeza ukianguka, ingawa anakiita kengele ya ng'ombe.

Juma lililopita nusu ya pili nayo ilikamilika, bibi akiwa amehamia ile ya kwanza. Geum-ran aliliongeza joto la boila kidogo kidogo, siku hata siku, ili saruji isishtuke, kisha akatandika kapeti jipya na kulaza rula yake ndefu ya aluminiamu kila upande. Hapakuwa na mwanya hata wa kupitisha karatasi.

Bibi Bun-rye alijilaza chini ya dirisha, akageuka kushoto, akageuka kulia.

"Mbaya," alisema. "Kibonde changu kilikuwa kinanishika. Sasa naviringika kama yai."

"Nikichimbe tena?" aliuliza Geum-ran.

Bibi alikuwa ameshasinzia, mdomo wazi, mkono mzima umekunjuka juu ya sakafu yenye joto.

Nyumbani kwao, pembeni mwa soko, Geum-ran na Yong-pil wana chumba cha nyuma kilichokuwa kimejaa vifaa, magunia ya saruji na fimbo za kuvulia samaki. Wamekuwa wakitoa vitu humo kidogo kidogo. Mabomba yameshalazwa, Geum-ran anayafunika kwa saruji jioni baada ya kazi, mumewe akimulika na kunung'unika kuhusu fimbo zake.

Si kila sakafu inaweza kugawanywa, anasema. Kuna chumba kidogo mno, kuna bomba bovu lote. Kule Bongyang yuko mzee mmoja anayeishi na mkewe asiyeona vizuri. Sakafu yao imeinuka katikati kama mgongo wa nyumbu, na ni lazima ifumuliwe yote kwa pamoja. Wamekataa mafundi watatu.

"Hawawaogopi mafundi," anasema Geum-ran. "Wanaogopa kutoka. Basi watakuja hapa. Watalala hapa, watakula tunachokula, na kila siku Baba Se-rin atawapeleka na gari waione nyumba yao ilipofikia."

Yong-pil anasema hajakubali. Anasema hivyo akiwa amebeba gunia la saruji, la mwisho, kulipeleka nje.

"Ufunguo wa nyumba yao wakae nao wenyewe, mfukoni," Geum-ran anaendelea, akipitisha mwiko kwenye kona. "Mimi siuchukui. Siku ya kumaliza, watanifungulia wao mlango."